Sikutetei Wewe, Mama, Naitetea Ndoa

Haya alinieleza mwenyewe Mama Kasula, Kwaresima iliyopita, siku ya Jumamosi, tukikunja vitambaa vya altare katika sakristia. Hakuwa na machozi wala hasira. Alisimulia kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa ukutani. Nilipomuuliza kama naweza kuyaandika gazetini, akasema, "Andika, mama. Aibu imeniisha."

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwake, kashika barua. Kwa aliyekosa kusoma: Mama Kasula ni fundi wa kushona kasula, yale mavazi ya mapadre ya misa, ndiyo maana wakamwita hivyo. Yeye na mumewe, fundi umeme, walikaa miaka kumi na mmoja bila kujaliwa mtoto. Kisha mume akamwacha, akahamia kwa mwanamke mwingine, wakapata watoto wawili. Imepita miaka mingine kumi na mmoja. Mama Kasula hakuivua pete. Sasa mume ameiandikia mahakama ya kanisa, anaomba itamkwe kwamba ndoa yao haikuwa ndoa tangu siku ya kwanza. Barua ilimwita Mama Kasula akatoe ushahidi, Jumanne saa tatu asubuhi.

Jumanne ikafika, akaenda.

Chumba kilikuwa ghorofani kwenye ofisi za jimbo: meza ndefu, viti vya mbao, feni isiyozunguka. Mama Kasula alimtambua Padre Hakimu kwa mabega kabla ya uso. Bega lake la kushoto limeshuka, na Mama Kasula ndiye anayelishonea kipande cha sponji ndani ya kasula ili waumini wasione.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina, mama. Kaa."

Kando ya Padre Hakimu alikaa sista mwandishi na kompyuta yake. Upande mwingine alikaa padre kijana, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni. Na mwisho wa meza, wakili wa mumewe: Mama Kipaza. Huyu si mtawa, ni mlei kama mimi na wewe, mwalimu wa sheria aliyestaafu. Walimpa jina hilo kwa sababu ndiye anayezunguka parokia zote na semina za imani na maadili, na akishashika kipaza sauti haachi mpaka umeme ukatike.

Wakamwapisha, mkono juu ya Injili.

"Mama, hapa hatumhukumu mtu," Padre Hakimu akaanza. "Hatutafuti mkosaji. Tunatafuta jambo moja tu. Siku ile mlipoweka ahadi, kulikuwa na ndoa au hakukuwa?"

"Kulikuwa na watu mia mbili, Baba. Walikula."

Padre Hakimu akakohoa, akanywa maji ya moto. Padre kijana akajitambulisha.

"Mimi ni mtetezi wa kifungo cha ndoa."

Mama Kasula akamgeukia. "Asante, Baba. Nilidhani nimekuja peke yangu."

"Tuelewane vizuri. Sikutetei wewe, mama. Naitetea ndoa."

"Na ndoa ni nani kama si mimi? Mwenzangu si ameshaondoka?"

Sista akaacha kupiga chapa.

"Hilo usiandike, sista," Padre Hakimu akasema taratibu.

Ikawa zamu ya Mama Kipaza. Hana sauti ya chini yule, hata chumbani anaongea kama yuko uwanjani.

"Asubuhi ya harusi, mama yangu, ulikuwa na nani chumbani?"

"Na dada yangu. Alikuwa ananibana nywele."

"Mlikuwa wangapi?"

"Wawili tu."

"Mliongea nini?"

"Sikumbuki."

"Tukusaidie." Akavaa miwani, akainua karatasi. "Bibi harusi alimwambia dada yake: 'Naenda, lakini nikishindwa naye nitarudi nyumbani. Sitakaa mpaka kufa.' Ulisema maneno haya?"

Mama Kasula akatazama ile karatasi kama anatazama nguo ya mtu mwingine iliyoletwa kwake kimakosa.

"Nani kawaambia?"

"Shahidi aliyeapa."

Hakuuliza shahidi gani. Chumbani walikuwa wawili, na yeye hakuwaambia.

Padre Hakimu akaegemea meza. "Sikia, mama. Anayesema 'mpaka kifo' kwa mdomo, na moyoni amejiwekea njia ya kutokea, huyo hajatoa ahadi tunayoijua sisi. Hata kama watu mia mbili walikula. Ndiyo maana nakuuliza. Asubuhi ile ulikusudia nini?"

Alijaribu, aliniambia. Alirudi nyuma miaka ishirini na miwili akapekua. Hakupata furaha, hakupata hofu. Alipata harufu ya kitambaa kinachoungua.

"Nakumbuka pasi iliunguza kitambaa cha kichwa cha dada. Basi."

"Moyoni, mama."

"Moyoni sikumbuki, Baba. Hata sura ya msimamizi wangu imenitoka."

Padre Mtetezi akachomoa kalamu ya pili.

"Mimi nina swali moja. Katika miaka hii kumi na mmoja uliyoachwa, kuna mwanamume aliyekuposa?"

Hapo angeweza kusema hapana. Nani angejua? Lakini alikuwa ameapa, na yeye ni mtu wa kuapa mara moja.

"Mmoja. Fundi seremala wa parokia. Alifiwa na mkewe."

"Lini?"

"Miaka minane sasa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, mimi ni mke wa mtu mpaka kifo. Naye akasema sawa. Kesho yake akaniletea meza ya kukatia vitambaa niliyokuwa nimemwagiza."

Padre Mtetezi akaandika, akapiga mstari chini yake, kisha akapiga wa pili. Mama Kipaza akavua miwani.

"Nami niulize, Baba?" Mama Kasula akasema.

"Uliza."

"Mkiamua kwamba haikuwa ndoa, hii miaka kumi na mmoja nilikuwa mwaminifu kwa nani?"

Padre Hakimu ni msomi, amefundisha seminari miaka mingi, ameandika vitabu juu ya dhamiri. Akafikiri kweli, hakumjibu harakaharaka.

"Kwa Mungu, mama. Uaminifu aliopewa Mungu haupotei."

"Ndiyo, Baba," akasema, kama mgonjwa anayepokea dawa huku akijua hatainywa.

Mama Kipaza akamwinamia. Kwa mara ya kwanza alishusha sauti. "Na wewe utakuwa huru, mama yangu. Usilisahau hilo. Huru kabisa kuolewa, mbele ya altare ileile."

Wakampa mpaka Jumatatu. Atarudi saa tatu, asomewe maelezo yake, na lile swali la maneno ya asubuhi ya harusi atalijibu kwa mara ya mwisho. Ndiyo, hapana, au sikumbuki. Kisha atie sahihi.

*

Dada yake alikuwa jikoni anamenya viazi. Wanaishi wote wawili, vyumba viwili na kibaraza, tangu dada afiwe na mumewe.

"Umerudi mapema," dada akasema bila kuinua kichwa.

"Hawakuwa na mengi. Mengi walishaambiwa."

Kisu kikasimama.

"Nani alikutuma, dada?"

"Hakunituma mtu. Ilikuwa ile semina. Yule mama na kipaza sauti chake, 'Kuna swali? Msiogope, kuna swali?' Watu kimya kama wamefungwa midomo. Nikamwonea huruma, nikanyoosha mkono. Nikasema, nina jirani yangu, siku ya harusi alisema hivi na hivi. Je, hiyo ni ndoa?"

"Jirani gani?"

"Jirani wa chumba cha pili."

"Chumba cha pili nalala mimi, dada."

"Sasa ningemwambia nini, mbele za watu?"

Mama Kasula akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Dada akaendelea, maneno yanamtoka mengi kama mtu aliyeyafungia muda mrefu. Baada ya semina Mama Kipaza alimfuata kwenye chai. Akamuuliza huyo jirani ni nani. Akamuuliza mumewe anafanya kazi gani. Kumbe mkobani mwake alikuwa na faili la fundi umeme. Wiki iliyofuata dada akaitwa jimboni, akaapishwa.

"Nimechoka kukuona na pete ya mtu anayelala kwa mwingine," dada akasema. "Nilitaka ufunguliwe. Ni kosa?"

"Si kosa kusema kweli."

Dada akachukua kiazi kingine, akakimenya mpaka kikabaki kidogo kama kokwa.

"Hukusema wewe," akasema.

"Nini?"

"Yale maneno. Nilisema mimi. Mimi ndiye niliyekuambia, ukishindwa naye rudi nyumbani, usikae mpaka kufa. Wewe ulikuwa kimya."

"Kimya?"

"Ulikuwa na pini mdomoni. Ungejibu nini na pini mdomoni?"

Mama Kasula akamtazama. Alisubiri hasira ije. Aliisubiri kama unavyosubiri maji bombani, unafungua, unasikia mluzi wa hewa, hakuna kitu.

"Umeapa uongo juu ya Injili, dada."

"Najua."

"Umeungama?"

"Nikiungama padre ataniambia nirudi kule nikafute. Nikifuta, wewe unabaki palepale."

"Ndiyo maana Jumapili tatu hizi huendi kupokea komunyo. Nilidhani ni goti."

"Goti nalo linauma."

Dada akamshika mkono kwa vidole vyenye maji ya viazi. "Mdogo wangu, Jumatatu sema ndiyo. Neno moja tu. Ukisema ndiyo, yangu nayo inakuwa kweli, na wewe unatoka. Huo uongo nitaubeba mimi. Mimi mzee, nimeshabeba mengi."

"Na ukifa nao?"

"Wewe si utakuwa unaniombea? Unashona nguo za mapadre wote hawa, watakukatalia misa moja?"

Alisema Mama Kasula kwamba hapo karibu acheke.

*

Jumamosi alimfuata seremala karakanani kwake, nyuma ya ukumbi wa parokia. Alikuwa anapiga randa ubao wa benchi la kupigia magoti, maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Hawa wawili huitana fundi, wote wawili, tangu siku ya kwanza.

"Karibu, fundi."

"Ahsante, fundi. Vipi kazi?"

"Kazi ipo." Akaliweka randa chini, akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati. "Na hii nayo ipo. Imekuja jana. Wewe unaingia saa tatu, mimi saa nne."

Mama Kasula hakuigusa. Aliijua ile mihuri.

"Ni mimi niliyewaambia."

"Najua. Umenifanya nijulikane mpaka jimboni. Hata hao wanaoninunulia mabenchi hawanijui jina." Akatabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Nimeisoma mara tatu. Wananitaka niseme ulichonijibu miaka minane iliyopita. Yule padre mwembamba alipita hapa. Nikamuuliza, kwa nini mimi? Akasema mke aliyeolewa huku amejiwekea njia ya kutokea, akiachwa angetoka. Huyu hakutoka. Na shahidi wa kwamba hakutoka ni wewe."

"Kwa hiyo ukisema..."

"Nikisema, ndoa yako inapata nguvu. Huenda ikasimama kwa neno langu."

"Na usiposema?"

"Nikisema sikumbuki, wanabaki na mashahidi wengine. Yule mama mwenye sauti atashinda."

Seremala alichukua kipande cha maranda, akakivunja vipande vidogovidogo.

Mama Kasula alimuuliza, kwa sauti ileile anayoulizia kama uzi mweupe upo dukani, "Bado unanitaka, fundi?"

"Miaka minane sijakuuliza tena. Unadhani nilikuwa nasubiri nini, mvua?"

"Basi Jumatatu utasema nini?"

Seremala akashusha macho. "Nikiapa nitasema, fundi. Sina namna nyingine. Nikikuoa kwa neno nililolificha, kila asubuhi litakuwa limekaa mezani kati yako na mimi. Tutalimiminia chai."

Aliniambia kwamba hapo alijua panapaswa kuuma. Alipajua kabisa mahali penyewe, kama unavyoujua mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi: unaubonyeza, unaona kidole kinabonyea, husikii. Akabaki anatazama maranda.

"Sawa," akasema.

"Lakini wewe hujajibu bado," seremala akamwambia alipofika mlangoni. "Langu ni la miaka minane, watu wawili tunalijua. Lako ni la asubuhi ile. Ulilokuwa nalo moyoni hakuna anayelijua ila wewe. Kama kweli ulijiwekea njia, sema. Kama hukujiwekea, usiseme kwa ajili yangu."

"Silijui, fundi. Nimelitafuta silioni."

"Litafute tena. Una siku moja."

*

Jumapili walienda misa ya pili. Mahubiri yalihusu ndoa. Padre msaidizi alisema ndoa ni mwamba, akapiga mimbari mara mbili, na kipaza sauti kikapiga kelele. Wakati wa komunyo benchi zima lilisimama, wakabaki wawili wameketi. Dada kwa sababu ya kiapo chake. Mama Kasula kwa sababu hakujua Jumatatu atakuwa nani. Mwenye duka la mishumaa akawapita akawatazama, akaenda zake akiwa na habari ya kutosha wiki nzima.

Walirudi nyumbani, wakala, wakaosha vyombo. Jua lilikuwa kali, mtaa umetulia. Ilikuwa saa nane na kitu mchana. Dada akajinyoosha kitandani na mlango wa chumba chake wazi.

"Umeamua?"

"Bado."

"Ukisema hapana, wataniita tena?"

"Nadhani."

"Watanifanya nini?"

"Hawana jela, dada. Watakuuliza kwa nini."

"Afadhali wangekuwa na jela." Akageukia ukutani, akasema, "Nilikuambia rudi kwa sababu nilimwona bwana harusi anavyomjibu mama yake. Asubuhi hiyohiyo. Nikaogopa. Basi."

"Lala, dada."

Dada akalala, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya goti bovu.

Mama Kasula naye akaingia chumbani kwake, akajilaza juu ya shuka bila kubadili nguo. Hakusali. Alisema hakuwa na ugomvi na Mungu, alikuwa hana la kumwambia tu. Akatazama dari.

Ndipo likamjia, bila kuitwa, bila kishindo.

Ufunguo.

Wiki ya pili baada ya harusi mama yake alikuja kumtembelea. Wakanywa chai. Mama akasema, ule ufunguo wa mlango wa nyuma kule kwetu hatuuoni tangu siku ya harusi, tumegeuza nyumba nzima. Naye akajibu, sijauona, mama. Na huku ufunguo ulikuwa ndani ya sanduku lake, chini kabisa, umefungwa kwenye gauni la ndani.

Yeye ndiye aliyeuchukua. Asubuhi ileile, pini zilipotoka mdomoni na dada alipoenda kutafuta kitambaa kingine, aliinuka akautoa kwenye msumari. Hakumwambia mtu. Wala dada.

Akalala hivyohivyo, hajasogea. Kama ni hivyo, basi alikuwa amejiwekea njia ya kurudi, na dada aliapa uongo ambao ni kweli. Kama ni hivyo, seremala kesho ataenda kuapa kweli itakayomdanganya kila mtu. Na yeye, aliyekaa miaka kumi na mmoja ndani ya nyumba, alikuwa na ufunguo tangu mwanzo.

Lakini je, amekumbuka, au ameshona? Kwa nini uje leo, siku moja baada ya mtu kumwambia alikuwa anasubiri? Aliugeuza upande wa nje, akaugeuza upande wa ndani, kama anavyokagua kitambaa kabla ya kukata. Pande zote mbili zilifanana. Mama alikwishafariki. Sanduku mume aliondoka nalo. Hakuna wa kumuuliza.

Kesho saa tatu, mkono juu ya Injili. Ndiyo, hapana, au sikumbuki.

Akafumba macho ili autazame vizuri ule ufunguo. Kama ni wa kweli, ataona una meno mangapi. Akaanza kuhesabu. Alipofika jino la pili, usingizi ukamchukua.